SOMO: Namna ya kumpata, kumpima na kumlipa mwandishi wa makala za tovuti (soma lote kabla hujaniuliza)

Kamwene wakuu.

Swali hili nimeulizwa na watu wengi mpaka nimeacha kuhesabu. "Dada, nina tovuti ya loji." "Dada, nauza miche ya parachichi." "Nataka nionekane Google, nipatie mwandishi wa bei poa." Nimelijibu kwa simu nikiwa kwenye basi la Mafinga, nimelijibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane, na kesho yake anakuja mwingine na lile lile. Leo naliandika lote hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki ya somo hili.

Nipo Iringa. Natunza tovuti za loji mbili upande wa Ruaha, gesti moja Mbeya mjini, mwongozaji mmoja wa watalii, na kikundi cha wakulima wa Njombe wanaouza miche ya parachichi aina ya Hass. Makala nyingi siandiki mimi. Nina waandishi wanne wa kujitegemea ambao nawapa kazi na kuwalipa kwa kila makala. Haya ninayoyasema nimeyafanya kwa hela yangu na hela za wateja wangu, na kuna hatua moja niliivuruga vibaya. Kwenye hiyo nitakaa.

Kwa asiyejua, SEO ni kazi ya kuziandaa kurasa za tovuti ili mtu akitafuta jambo Google akukute mapema bila wewe kulipia tangazo. Makala ni sehemu tu ya kazi hiyo. Kama ukurasa wako unachukua nusu dakika kufunguka kwenye simu ya kawaida, karekebishe hilo kwanza ndipo urudi hapa.

HATUA YA 1. Andika kwenye karatasi unauza nini na unamuuzia nani.

HATUA YA 2. Fungua WhatsApp ya biashara, kusanya maswali ya wateja yanayojirudia. "Kutoka Iringa mjini hadi geti la Ruaha ni saa ngapi?" "Miche imebebeshwa au ni ya mbegu?" Hivyo ndivyo vichwa vya makala zako.

HATUA YA 3. Linganisha maswali hayo na yale watu wanayoandika Google. Andika mwanzo wa swali kwenye kisanduku, usibonyeze kitu, angalia Google inavyokumalizia. Kisha tafuta kweli, ushuke chini uone maswali mengine ambayo watu huuliza. Ni bure. Google Keyword Planner, chombo cha kuonyesha neno linatafutwa kiasi gani, nayo ni bure, ila itakutaka ufungue akaunti ya matangazo.

Hapa zingatia jambo moja ambalo wengi wanaliruka. Anayeandika "bei ya parachichi Njombe" anataka namba, tena ya wiki hii. Anayeandika "jinsi ya kupanda parachichi" anataka vipimo vya shimo na mbolea. Anayeandika "miche ya Hass Njombe" ana hela mkononi, anataka simu yako na mahali kitalu kilipo. Ni watu watatu tofauti. Ukiwaandikia makala moja ya kuwaridhisha wote, wote watatu wataondoka.

HATUA YA 4. Tafuta mwandishi. Ukitaka wa nje kuna Upwork na Fiverr, tovuti za kuajiri watu wa kujitegemea, jisajili uone. Mimi siku hizi naanzia nyumbani: watangazaji wa redio za mikoani, walimu, mabwana shamba, waongozaji wa watalii, vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa au MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya). Kumfundisha bwana shamba namna ya kuandika kichwa cha makala na kugawa vichwa vidogo kulinichukua siku mbili. Kumfundisha mwandishi mahiri wa mbali kilimo cha parachichi nilijaribu miezi mitatu nikashindwa. Bwana shamba yule kwenye rasimu yake ya kwanza aliandika kwamba parachichi hukomaa likiwa mtini lakini haliivi mpaka lichumwe, na kwamba Hass hugeuka rangi kuwa nyeusi likiiva, kwa hiyo mnunuzi asidanganyike na ukijani wa sokoni. Maneno yalikuwa yamepinda hapa na pale. Niliyanyoosha kwa nusu saa. Ujuzi ule nisingeweza kuuongeza mwenyewe hata kwa mwezi.

HATUA YA 5. MAELEKEZO YA KAZI. Hii ndiyo niliyoivuruga.

Mwaka wangu wa kwanza nilimchukua mwandishi mtandaoni, Kiingereza chake safi, bei yake ya chini. Nikamtumia jedwali lenye vichwa ishirini, kila kichwa na neno lake la utafutaji, na masharti mawili: maneno 1,000, na neno litokee mara 15. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maelekezo yangu yote. Baada ya siku tisa nikapokea makala ishirini. Nikahesabu maneno, nikahesabu marudio, kila kitu kilikuwa sawasawa na agizo. Nikamlipa, nikazipandisha. Nilisoma nne tu kati ya hizo.

Moja ilihusu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ilisema uwanda wa Kitulo umefunikwa na maua mwaka mzima. Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, wageni wawili wa Ujerumani, mtu na mkewe, wakaweka safari kupitia makala ile. Walikuwa wapenzi wa okidi, walikuwa wamejiandaa miezi mingi. Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, na sababu yake kubwa ni mimea. Wenyewe tunaiita Bustani ya Mungu. Lakini maua yale hufuata mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwezi wa nane kule juu, kwenye mita 2,600, utakuta nyasi zilizokauka na baridi ya kukata masikio. Wale wageni hawakupiga kelele. Yule mama alifungua simu yake, akatafuta sentensi ile, akanionyesha kwa kidole. Nilirudisha hela yao yote, na mwongozaji niliyekuwa nimempa kazi nikamlipa kutoka mfukoni kwangu. Sijasahau kidole kile mpaka leo.

Kwa muda nilimlaumu mwandishi. Kisha nikalifungua jedwali langu nikalisoma tena. Hakuna mahali nilipomwambia amuulize mtu. Hakuna mahali nilipomwambia msomaji ni nani. Nilinunua maneno kwa kilo, nikaletewa kilo.

Kwa hiyo shika haya. Usimpe mwandishi idadi ya kurudia neno. Ataliingiza hata pasipohitajika, na msomaji ataliona kabla Google haijaliona. Usimpe urefu wa lazima. Google wenyewe wamesema idadi ya maneno si kigezo cha kupandisha ukurasa. Swali la saa za safari linaisha kwa maneno 300, mwongozo wa kitalu unaweza kufika 2,500. Na usimwage makala nyingi kwa mpigo. Mwaka 2011 sasisho la Google lililoitwa Panda lilizishusha tovuti zilizojaa makala nyepesi. Agosti 2022 likaja sasisho la kutanguliza maudhui yanayomsaidia mtu. Machi 2024 wakauingiza mpango huo kwenye mfumo wao mkuu, na wakaweka sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili zipande tu. Zaidi ya miaka kumi wanasukuma upande mmoja. Anayekuambia makala 100 kwa wiki ndiyo siri ya Google anakuuzia tatizo.

Maelekezo yangu sasa yanajaza ukurasa mmoja. Yanataja msomaji: "mama wa Dar mwenye watoto wawili, anakuja na gari dogo, hajawahi kufika Nyanda za Juu Kusini." Yanataja swali lake kwa maneno aliyotumia yeye. Yanataja kurasa tatu zinazotangulia kwenye swali hilo kwa sasa, na kila moja imekosa nini. Yanataja ukurasa gani wa tovuti yetu uunganishwe humo. Na kuna sehemu ambayo mwandishi akiiacha wazi siilipi kazi: majina ya watu wawili aliowauliza, walivyomjibu, na tarehe.

Makala ya Kitulo iliandikwa upya kwa utaratibu huo. Mwandishi, kijana wa Uyole, nilimlipia nauli. Alipanda kutokea Chimala kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake, akalala Matamba, akaongea na watu. Akarudi na kalenda ya mvua na maua, hali ya barabara, nguo za kubeba, na habari ya chikanda, yaani viazi vya okidi ambavyo watu wamekuwa wakivichimba na kuvipeleka kuuza Zambia. Wageni wananiandikia wakimnukuu yeye.

HATUA YA 6. Makala moja ya majaribio, na uilipie bei kamili. Kumfanyisha mtu kazi ya bure kwa jina la majaribio ni dhuluma, na waandishi wazuri wanakukimbia.

Majaribio yangu nayategea mtego mdogo. Natoa mada ambayo kurasa za zamani zinapotosha. Mfano, kimondo cha Mbozi. Kurasa kibao bado zinasema kipo Mkoa wa Mbeya, wakati Mbozi iko Songwe, mkoa uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016. Au Makete, ambayo anayekopi atakuandikia iko Iringa, wakati iko Njombe, mkoa tangu 2012. Mwandishi anayeangalia mwenyewe atagundua. Anayekopi ataleta kosa lile lile na atalipamba.

HATUA YA 7. Makubaliano na malipo. Karatasi moja inatosha: kazi gani, lini, bei gani, marekebisho mangapi (mimi ni mawili), na kwamba malipo yakikamilika makala ni mali ya tovuti. Hilo la umiliki liandikwe, maana hakimiliki ni jambo la kisheria na mdomo haushikiki. Jina la mwandishi nalibakiza juu ya makala pamoja na mstari mmoja wa kumtambulisha. Mimi nalipa 60,000 kwa makala ya Kiswahili na 90,000 kwa ya Kiingereza, vocha na nauli juu yangu. Nusu akianza, nusu nikishaisoma. Makato ya kutuma hela usimkate yeye.

HATUA YA 8. Soma kila sentensi kabla ya kupandisha. Kila namba, kila umbali, kila mwezi, mwandishi akuonyeshe ametoa wapi.

HATUA YA 9. Unganisha tovuti na Google Search Console, ni bure, uone kila makala imeonekana mara ngapi na imebofywa mara ngapi. Ipe miezi mitatu hadi sita kabla ya kulalamika. Makala iliyoonekana sana na kubofywa kidogo, anza kwa kubadilisha kichwa chake.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

BeiChee: Somo refu sana dada. Kwa kifupi mwandishi analipwa ngapi na nampata wapi?

Jibu: Hatua ya 7 na Hatua ya 4.

BeiChee: Mbona 60,000 ni nyingi? Kuna jamaa ananifanyia makala kumi kwa elfu thelathini.

Jibu: Ni elfu tatu kwa makala. Toa bando, toa simu ya kumuuliza mtu, aone faida yake wapi? Hawezi kumuuliza mtu yeyote kwa hela hiyo, kwa hiyo hatauliza. Zisome zote kumi leo usiku, moja baada ya nyingine, halafu amua.

MkulimaTukuyu: Ndaga fijo dada kwa somo. Nina shamba la parachichi Rungwe, na nataka wanunuzi wa nje na pia wakulima wenzangu wanaotafuta miche. Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Ndaga, baba. Umeuliza vizuri, maana wengi wanachanganya lugha mbili ukurasa mmoja na hawapati msomaji hata mmoja. Andika zote mbili, kila moja kwenye ukurasa wake, na usitafsiri. Mkulima mwenzako anatafuta kwa Kiswahili: nafasi kati ya mti na mti, ugonjwa gani unashambulia majani, mche unazaa baada ya miaka mingapi. Mnunuzi wa nje anatafuta kwa Kiingereza, na maswali yake ni mengine kabisa: msimu wako unaanza mwezi gani, una vyeti gani, mzigo unapozwa wapi kabla ya kusafiri. Ukurasa wa Kiswahili mpe bwana shamba wako auandike. Ule wa Kiingereza mpe mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya kufungasha matunda, hata kama alikuwa karani tu. Na makala za Kiswahili za kilimo zenye ujuzi wa kweli bado ni chache, kwa hiyo upande huo utaona matokeo mapema zaidi. Anza nao. Ukikwama kwenye maelekezo, yalete hapa hapa tuyapitie pamoja.

KijanaMafinga: Kwani siku hizi si kuna ChatGPT? Bure kabisa. Waandishi wa nini?

Jibu: Google hawajakataza makala kwa sababu tu imesaidiwa na mashine, walilisema hilo Februari 2023. Wanachokataa ni kurasa za wingi zisizomsaidia mtu, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu. Itumie kukupangia vichwa vidogo au kukusahihishia Kiingereza, sina ugomvi nayo. Ila mpigie simu mwenye loji umuulize kama jenereta imepona, mashine haitakupigia. Barabara ya Matamba ikikatika kwa mvua leo, mashine haijui.

KijanaMafinga: Mimi nishaweka makala 80 za hivyo na hakuna kilichotokea.

Jibu: Hakuna kilichotokea kibaya au hakuna mteja aliyekuja? Fungua Search Console utazame. Ukitaka ushauri leta hizo namba.

LojiYetu: Dada, nitajuaje mwandishi ameandika mwenyewe? Kuna programu za kugundua, nimeambiwa ni nzuri.

Jibu: Mimi siziamini. OpenAI, hao hao wenye ChatGPT, waliifunga programu yao ya kugundua Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Programu za namna hiyo pia zimeonekana kuwasingizia watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, yaani karibu sisi wote hapa. Nimewahi kuona binti aliyeandika kwa jasho lake anaambiwa ni mashine, akanyimwa malipo. Inauma. Fanya hivi: mwandishi aandike kwenye Google Docs na akupe ruhusa ya kuona historia ya hati. Utaona ilivyokua kidogo kidogo, alipofuta, aliporudi. Na mpigie simu umuulize, "huyu mwongozaji uliyemtaja alikwambia nini kingine?" Aliyeongea naye atakuwa na mengi. Kwa kukopi, Copyscape, programu inayotafuta maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni, inatosha.

Linki_Fasta: Wakuu nina huduma ya linki 500 kutoka tovuti kubwa, 40,000 tu, Google unapanda ndani ya wiki. Njooni PM.

Jibu: Hapana. Kununua linki za kupandia, yaani kulipa tovuti nyingine zielekeze kwako ili upande, ni kinyume cha sera za Google, na tangu sasisho la Penguin mwaka 2012 watu wameshushwa kwa hilo. Usitangaze kwenye somo langu.

Neema_Uyole: Shikamoo dada. Mimi nipo upande wa pili, natafuta kazi ya kuandika. Nimemaliza diploma ya utalii, sijawahi kulipwa kwa makala. Nianzie wapi nisionekane sina uzoefu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Uzoefu unao, hujauandika tu. Chagua mahali pamoja unapopajua kwa miguu yako. Kwa mtu wa Uyole ningekwambia Ziwa Ngozi au Daraja la Mungu kule Kiwira. Nenda siku moja na daftari. Andika nauli uliyolipa, uliposhukia, saa ulizotembea, njia inapoteleza, aliyekuongoza alikudai kiasi gani, mahali pa kula. Piga picha zako mwenyewe. Andika makala moja kwa mtu ambaye hajawahi kufika. Kisha tafuta makala zinazoongoza Google kuhusu mahali hapo, orodhesha makosa na mapengo uliyoyaona. Makala yako na orodha hiyo ndiyo barua yako ya kuombea kazi. Mwenye loji akiona orodha ile anaelewa utamfanyia nini. Ukienda Fiverr kumbuka wanakata asilimia 20 ya kila unacholipwa, upange bei ukijua hilo. Na ukimaliza ya kwanza nitumie mimi. Nitaisoma na kukusahihisha, na ikiwa nzuri nina kazi ya kukupa msimu wa mvua.

Neema_Uyole: Nashukuru sana dada. Picha je, za simu zinafaa?

Jibu: Zinafaa kabisa. Zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, picha ya megabaiti tano inamaliza bando la msomaji na ukurasa unagoma. Faili lipe jina la kitu kilichomo, lisibaki na namba za kamera. Na ukimpiga picha mtu, muombe ruhusa.

GestiSoweto: Mimi nina gesti tu Mbeya, vyumba kumi. Nahitaji makala ngapi?

Jibu: Labda mbili. Kwako jambo la kwanza ni kujisajili kwenye ramani za Google, uweke picha za vyumba, namba ya simu inayopokelewa, na uwaombe wageni waandike maoni ya kweli. Mtu anashuka stendi usiku, anaandika "gesti karibu na mimi," hasomi makala. Ukishamaliza hilo, andika moja ya namna ya kufika kwako kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, na nyingine kwa wanaoshukia stesheni ya TAZARA. Huhitaji mwandishi wa kudumu, na asikudanganye mtu.

BeiChee: Dada nimezisoma zile kumi. Tatu zinafanana neno kwa neno, wamebadilisha jina la mji tu. Naomba namba ya huyo kijana wa Uyole.

Jibu: Umefanya vizuri kusoma. Namba ya mtu siitoi hadharani. Andika maelekezo ya makala moja kama nilivyoeleza Hatua ya 5, nitumie, nitamfikishia. Akiipenda kazi atakutafuta yeye.

BintiMakete: Dada, nimeisoma ile makala ya Kitulo, ni nzuri na mambo ya kwetu yameandikwa kwa heshima. Ila kuna kitu. Ameandika gari dogo linapanda Hamsini na Saba bila shida. Yeye alipanda kiangazi. Januari hadi Aprili, siku ya mvua, gari dogo linaweza kulala kwenye kona, nimeshaona familia imekesha. Na msimu huo ndio wa maua.

Jibu: Asante sana, ndugu yangu. Yaani tumewaita watu waje msimu ule ule ambao gari lao litakwama. Nimempigia kijana sasa hivi, anabadilisha aya ile, na ataweka kwamba msimu wa maua waje na gari la magurudumu manne au wapande na gari za wenyeji. Je, kutokea Makete mjini hadi getini hali ikoje mvua zikianza? Na kuna dereva wa huko ambaye kijana anaweza kumpigia akamuuliza mwenyewe? Kama yupo, muombe ruhusa kwanza, halafu nitumie PM.